Mzee anavuja mkojo tangu apate kiharusi: sindano za Kichina na moksa zinasaidia kweli?

Mlezi wa Mzee

Wakuu, naombeni mawazo kabla sijaamua. Mzee wangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Maneno yamerudi kiasi, na sasa anatembea kwa mkongojo mtu akiwa pembeni yake. Kilichogoma ni mkojo. Akisema tu "nataka kwenda", hatujafika mlangoni umeshatoka. Usiku ndiyo balaa: anaamka mara kwa mara, na siku nyingine haamki kabisa, tunakuta shuka zimeloa. Aibu imemjaa, anakataa wageni, na siku hizi anakataa hata maji ya kunywa.

Kuna mtaalamu wa akupancha ametushauri sindano za tumboni, kiunoni na miguuni, pamoja na moksa, yaani yale majani yanayochomwa karibu na ngozi. Anasema kibofu kimeishiwa nguvu na kinahitaji joto. Ndugu yangu mmoja kasikia akaangua kicheko, eti mazingaombwe. Mimi sitaki kuamini kichwa kichwa, wala sitaki kucheka. Nataka kujua kuna ushahidi gani na hatari gani. Mzee anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda na za presha.

NesiWaZamu

Pole sana mkuu, na mzee mpe pole zangu. Mwambie kwanza kwamba hili si lake peke yake. Katika wanaolazwa kwa kiharusi, asilimia 40 hadi 60 hupata shida ya kuzuia mkojo. Wakati wa kuruhusiwa kurudi nyumbani, karibu robo bado wanayo, na baada ya mwaka hubaki asilimia 15 hivi. Wengi wanakaa kimya tu, kwa sababu ni mkojo.

Kabla ya sindano, nina swali: amewahi kupimwa mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa? Nauliza kwa sababu kiharusi huharibu kibofu kwa njia zinazopingana. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayokizuia kibofu kisijikaze mpaka wakati ufike. Ikiumia, kibofu kinajikaza hovyo hata mkojo ukiwa kidogo, na mtu hapati muda wa kufika chooni. Hiyo ndiyo ya kawaida zaidi. Wengine, hasa siku za mwanzo, kibofu kinalala kabisa. Kinajaa, hakisukumi, halafu kinafurika na kuvuja kidogo kidogo. Ukiangalia shuka, zote mbili zimeloa vilevile. Matibabu yake ni tofauti kama mashariki na magharibi.

Kuna na ya tatu, ambayo watu wanaisahau: kibofu kizima, ila mtu hawezi kufungua zipu kwa mkono mmoja, au maneno hayaji ya kuita msaidizi, au choo kiko mbali na kitanda. Huyo huwezi kumtibu kibofu, utamtibu mazingira.

Kipimo chenyewe hakiumi. Anakojoa, halafu ndani ya dakika chache anapitishiwa kifaa cha altrasaundi juu ya kinena. Wakikuta mililita 300 au zaidi zimebaki, hiyo ni habari nyingine, na mtu asikuambie uanze dawa ya kutuliza kibofu. Wapime na maambukizi ya njia ya mkojo, wamuulize choo kikubwa kinatoka vipi (choo kikifunga kinakibana kibofu), na kwa mwanaume wa umri wake wasiiache tezi dume.

Halafu maji msimnyime. Mkojo uliokolea unakichokoza kibofu, na choo kinazidi kukauka. Mnaongeza tatizo mkidhani mnapunguza.

Mbishi wa Kudumu

Nesi kasema vizuri, ila swali la jamaa ni sindano. Jibu langu: ushahidi upo, ila mwembamba.

Mwaka 2019 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walitoa mapitio ya tiba zote za kuvuja mkojo baada ya kiharusi. Walikusanya tafiti 20 zenye watu 1,338 kwa jumla, ambao kwa tatizo kubwa kiasi hiki ni wachache mno. Tano kati ya hizo zilihusu akupancha ya kawaida, akupancha ya umeme, na moksa inayochomwa juu ya tangawizi na chumvi. Matokeo ukiyasoma juu juu yanafurahisha, waliotibiwa walikuwa na nafasi kama mara tatu zaidi ya kuwa wakavu mwisho wa tiba. Ila wenyewe wameupa ushahidi huo daraja la chini.

Kwa nini? Tafiti ni ndogo. Halafu ni vigumu kumficha mgonjwa asijue kama anachomwa sindano au la, na moksa ndiyo huwezi kabisa, maana joto na moshi utauficha wapi? Mtu akijua anatibiwa, naye ndiye anayeulizwa "unaendeleaje", jibu unalijua.

Na kubwa kuliko yote ni hili: kibofu baada ya kiharusi kinarudi chenyewe kwa wengi. Rudi kwenye takwimu za Nesi, kutoka 40–60 hadi 15 ndani ya mwaka. Ukianza sindano wiki ya pili, utamsifia mwenye sindano kwa kazi iliyofanywa na ubongo wenyewe. Ndiyo maana shuhuda za "nilikwenda nikapona" hazinishughulishi.

Babu wa Redio

Mbishi wewe nawe! Yule mwandishi wa Marekani alipasuliwa tumbo kule Beijing kwa sindano tupu, bila dawa ya ganzi, dunia nzima ikashangaa. Leo unatuambia mambo ya madaraja.

Mbishi wa Kudumu

Shikamoo Babu. Huyo ni James Reston wa New York Times, Julai 1971. Kidole tumbo kilimuuma akiwa China, akapasuliwa, na aliandika mwenyewe kwamba walimchoma dawa ya ganzi ya kawaida. Sindano zilikuja baadaye, tumbo lilipomjaa gesi akiwa kitandani. Mtaalamu alimchoma kwenye kiwiko cha mkono wa kulia na chini ya magoti, akawa anazizungusha zile sindano, huku vipande vya majani ya *ai* vinavyofuka moshi vikishikiliwa karibu na tumbo lake. Yaani moksa hiyo hiyo ya uzi huu. Akasema ndani ya saa moja alipata nafuu.

Kisa kizuri, na ni kweli kiliwafungulia mlango Wamarekani wengi. Ila gesi baada ya upasuaji nayo huwa inaondoka yenyewe.

Babu wa Redio

Marahaba. Umeniharibia hadithi niliyoisimulia nusu ya maisha yangu.

Sindano na Moshi

Nafanya kazi hii, kwa hiyo mnichuje mnavyotaka. Mengi aliyosema Mbishi sina ugomvi nayo. Nieleze tu kinachofanyika, maana watu wanajadili kitu ambacho hawajakiona.

China kumtibu mgonjwa wa kiharusi kwa sindano ni jambo la kawaida hospitalini, tena sambamba na dawa na mazoezi ya viungo. Tianjin kuna mfumo mzima ulioanzishwa na Profesa Shi Xuemin mwaka 1972 kwa ajili ya kiharusi tu. Kwa kibofu, sehemu zinazotumika sana ni hizi: chini ya kitovu kuna Qihai, Guanyuan na Zhongji, zote kwenye mstari mmoja kuteremka kuelekea kinenani. Mgongoni kuna Shenshu na Pangguangshu, halafu Ciliao na Zhongliao. Mguuni ni Sanyinjiao, upana wa vidole vinne vya mgonjwa mwenyewe juu ya kifundo cha ndani, nyuma tu ya mfupa wa muundi.

Angalieni Ciliao na Zhongliao zilipo. Ya kwanza iko kwenye tundu la 2 la mfupa wa sakramu, ule wa mwisho wa mgongo juu ya makalio, ya pili kwenye tundu la 3. Ni humo humo zinamopita neva zinazokwenda kibofuni. Waliozichagua zamani hawakuwa na picha ya neva hata moja.

Moksa ni majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, yaliyosagwa mpaka yakawa kama sufi. Yanasokotwa kuwa fimbo nene kama sigara kubwa, au yanafinyangwa vijipia vidogo. Fimbo inawashwa, inashikwa sentimita 2 au 3 kutoka kwenye ngozi mpaka ngozi ibadilike rangi kidogo. Ile ya tangawizi na chumvi inafanyika kitovuni: chumvi inajazwa mpaka usawa wa ngozi, juu yake kipande chembamba cha tangawizi kilichotobolewa tobolewa, halafu kijipia cha moksa juu kabisa. Tangawizi haiwekwi kwa mapambo. Chumvi ikiguswa na moto inaruka na kuunguza.

Sasa upande wa tahadhari, na hapa dada Nesi anisahihishe. Mgonjwa wa kiharusi upande uliopooza mara nyingi hana hisia kamili. Hawezi kukuambia "inachoma". Mimi naweka vidole vyangu viwili kandokando ya sehemu ninayopasha, vidole vyangu ndivyo vinavyopima joto. Mkiona mtu amewasha fimbo, akaifunga kwenye kishikio, akaenda kupokea simu, mchukueni mzee wenu muondoke.

Na sindano ya Zhongji haichomwi kibofu kikiwa kimejaa. Mgonjwa akojoe kwanza. Kama hawezi kukojoa na tumbo la chini ni gumu, huyo ni wa hospitali saa hiyo hiyo.

NesiWaZamu

Sikusahihishi, nakuongezea. Ukiwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda hukatazwi moja kwa moja, kwa sababu sindano zenyewe ni nyembamba, milimita 0.25 hivi. Ila mchomaji aambiwe kabla, aepuke kuchoma kwa kina, na akitoa sindano abonyeze pamba muda mrefu kuliko kawaida. Anayetumia warfarin awe na majibu ya karibuni ya kipimo cha damu, yasiwe ya kukumbuka tu. Sindano ziwe za kutumika mara moja, pakiti ifunguliwe mbele yenu. Mwenye betri ya moyo asiunganishwe umeme bila idhini ya daktari wake wa moyo. Mwenye kisukari vidonda vya kuungua vinachelewa kupona. Mwenye pumu huo moshi haumfai.

Na dawa za presha wala za damu zisisimamishwe kupisha sindano. Hili naliandika kwa herufi kubwa moyoni. Kuna watu wanaambiwa "acha vidonge, mwili usafishike", wanarudi na kiharusi cha pili.

Fizio Mstaafu

Mmenizungushia Sanyinjiao mpaka nimeshindwa kukaa kimya.

Mahali hapo hapo mguuni, karibu kabisa, ndipo tunapochochea kwa umeme neva ya tibia, ile inayoteremka mguuni. McGuire na wenzake waliandika habari zake mwaka 1983. Sindano moja nyembamba inaingizwa kama sentimita 5 juu ya kifundo cha ndani, waya unaunganishwa kwenye kifaa kidogo, umeme unaongezwa taratibu mpaka kidole gumba cha mguu kijikunje au vidole vitanuke. Hapo unajua umeipata neva. Dakika 30, mara moja kwa wiki, wiki 12. Neva hiyo inaingia kwenye uti wa mgongo eneo moja na neva za kibofu, ndiyo maana unagusa mguu na kibofu kinatulia.

Hii ina utafiti wenye mguu wa kusimamia. Mwaka 2010 walichapisha majaribio ya watu 220, nusu wakapewa tiba halisi, nusu ya kuigiza iliyofanana nayo kwa macho na kwa hisia. Walionufaika ni asilimia 54.5 kwa tiba halisi, dhidi ya 20.9 kwa ya kuigiza. Ila tuseme ukweli wote: ulikuwa utafiti wa kibofu kinachojikaza hovyo kwa ujumla, haukuwa wa kiharusi. Nasema unaashiria njia, sisemi umemaliza kesi.

Kwa asiyetaka sindano, kuna pedi za kubandika juu ya ngozi, mguuni au mgongoni usawa wa sakramu. Yale mapitio ya Cochrane aliyoyataja Mbishi yana tafiti za aina hii kwa wagonjwa wa kiharusi wenyewe, na nazo zinaelekea upande wa kupunguza kuvuja.

Mbishi wa Kudumu

Fizio, hapo tunaelewana. Niongeze moja ambayo wauza sindano wanapenda kuitaja: utafiti mkubwa wa China wa 2017 uliochapishwa JAMA, jarida la kitabibu la Marekani, wanawake 504, sindano za umeme kwenye sakramu mara 18 kwa wiki 6. Mkojo unaovuja ulipungua kwa wastani wa gramu 9.9 kwenye kipimo cha pedi (pedi inapimwa uzito kuona imenyonya kiasi gani), na kwa sindano za kuigiza gramu 2.6. Utafiti mzuri, kundi la kulinganisha lipo. Lakini wale walikuwa wanavuja wakikohoa au kucheka, misuli ya kufungia ndiyo dhaifu. Mzee wa uzi huu ubongo ndio umeumia. Mtu akikuonyesha utafiti huo kuthibitisha tiba ya mzee, muulize kama anajua tofauti.

Kushoto Kumegoma

Wataalamu mmetema madini, sasa msikilizeni mwenye kibofu chenyewe. Mimi nimepooza upande wa kushoto, kama jina langu linavyosema, na nimevuja, na nimechomwa sindano.

Sindano yenyewe siyo maumivu, ni kama uzito unaotanda. Ya kiunoni ilipeleka mshtuko mpaka chini kabisa, nikashtuka, mchomaji akafurahi. Moksa niliipenda kuliko zote, joto linazama tumboni mpaka usingizi unakuja. Je, ndiyo iliyonikausha? Sijui jamani, kwa sababu kipindi hicho hicho mke wangu alikuwa ananiamsha na kunipeleka chooni kila baada ya saa mbili niwe nimebanwa au sijabanwa, na mtaalamu wa viungo alikuwa ananifundisha kukaza misuli ya chini. Lakini nitakuambia kitu kimoja: ilikuwa nusu saa ya siku ambayo mtu ananishughulikia bila kunikaripia kuhusu shuka. Hicho kimeandikwa kwenye utafiti gani?

Mlezi, mzee wako nunulieni chupa ya kukojolea, ikae upande wa mkono unaofanya kazi. Suruali za mpira kiunoni, zipu zitupwe. Mimi hivyo viwili vilinipa heshima yangu kabla ya tiba yoyote.

Mlezi wa Mzee

Nimerudi wakuu. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nahangaika na vipimo.

Mkojo unaobaki ni kidogo, kwa hiyo kibofu kinasukuma vizuri. Maambukizi hakuna. Daktari anasema ni kile cha kujikaza hovyo. Kilichonishangaza ni kidonge kimoja cha presha, cha kukojoza, tulikuwa tunampa jioni pamoja na vingine ili tusisahau! Daktari amekihamishia asubuhi. Usiku wa mzee umebadilika, bado anaamka ila si kama zamani. Chupa ipo kushoto kwake, asante kaka Kushoto. Tumeanza na ratiba ya chooni.

Daktari alitaja vidonge vya kutuliza kibofu lakini hakuviandika, akasema tuone kwanza. Kuhusu akupancha hakupinga, alisema tu "mkienda, niambieni". Sasa nabaki na maswali mawili. Vidonge vina ubaya gani? Na nikienda kwenye sindano, nitajuaje kama zinafanya kazi au najifurahisha?

NesiWaZamu

Kidonge cha jioni! Ningepewa nafasi ningelipiga kelele hili kila wodi. Vizuri mlivyomwachia daktari akihamishe, wengine wanakikata wenyewe presha inapanda.

Vidonge kama oxybutynin vinatuliza kibofu kweli, lakini vinakausha mdomo, vinafunga choo, na kwa mzee ambaye ubongo umeshaguswa vinaweza kumchanganya akili. Mirabegron haina ukungu huo wa akili, ila inaweza kupandisha presha, na presha ndiyo mmetoka kupigana nayo. Havijakatazwa, vinahitaji tu mtu wa kumwangalia. Daktari wenu hana papara, mshikeni.

Fizio Mstaafu

La pili nalijibu mimi. Chukua daftari kabla hujaenda kwa mtu wa sindano. Siku tatu mfululizo andika kila kitu: saa aliyokunywa na kiasi, saa aliyokojoa na kiasi (chupa yenye alama za mililita inatosha), saa aliyovuja, na kama ni matone au shuka nzima. Zingatia hasa dakika ngapi zinapita kati ya "nataka kwenda" na mkojo kutoka. Namba hiyo watu hawaipimi, na ndiyo inayoamua kama mtu atafika chooni.

Ratiba ya chooni ikishatulia na hakuna dawa mpya, ndipo uanze sindano. Mkianza vyote wiki moja hamtajua nani kafanya nini, yatawakuta ya Kushoto. Katikati rudia siku tatu za daftari, na mwisho wa mzunguko wa sindano tena. Mwambie mchomaji tangu mwanzo utaangalia daftari. Akikasirika, umeshamjua.

Sindano na Moshi

Mimi sikasiriki, na daftari hilo nalidai kwa wagonjwa wangu. Kama baada ya mzunguko mzima namba hazijasogea, mimi nasimama. Kuongeza mizunguko juu ya mizunguko kwa mtu asiyeitikia si tiba.

Mlezi, ukienda muulize mambo haya: amewahi kumshughulikia mwenye kiharusi, sindano zake ni za kutupa, na moksa atakaa nayo mkononi au ataifunga kwenye kishikio. Akikuambia pia mzee aache dawa zozote, usikae hata kusubiri kikombe cha maji.

Mlezi wa Mzee

Nimeelewa. Daftari linaanza kesho asubuhi. Mzee mwenyewe nimemsomea uzi, amecheka sana kwa Babu na hadithi yake. Amesema sindano za mguuni sawa, za tumboni atafikiria, na huo moshi usimkaribie. Kwa hiyo naanza kuulizia ile ya neva ya tibia. Fizio, ile pedi ya kubandika anaweza kutumia mwenye shida ya hisia mguu wa kulia, au ibandikwe kushoto?

Fizio Mstaafu

Weka mguu wenye hisia kamili, kwa mzee wako ni wa kushoto. Anatakiwa ausikie umeme ili aseme ukizidi, na ngozi isiyohisi inaweza kuungua chini ya pedi bila yeye kujua. Mara ya kwanza awepo mtaalamu wa kuonyesha mahali pa kubandika na kiwango cha kuanzia. Kila mkibandua, kagueni ngozi. Ikibaki nyekundu baada ya saa moja, punguzeni nguvu au hamisheni pedi kidogo.